Bibi Katarina Nyamizi na Funguo za Mizigoni

Mchungaji, wazee wetu, ndugu wa pande zote mbili, majirani wa Laini Mpya, na ninyi mliotoka Sikonge kwa baiskeli na Igunga kwa malori ya mpunga, shikamooni. Familia imeyaandika maisha ya marehemu ili yasomwe mbele ya jeneza kabla halijainuliwa, kama ilivyo kawaida ya kanisa letu, na kwa kuwa mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache, familia imeona isiyapunguze tena. Tumezoea kusikia katika masomo ya namna hii kwamba marehemu aliishi vizuri na watu wote. Ni kweli, aliishi vizuri na watu wote, ila watu wote hawakuishi vizuri naye, na leo tutayasema yote mawili.

Marehemu alizaliwa Mizigoni, ng'ambo ya korongo, upande wa magharibi wa Kanyenye, mwaka 1890, msimu wa kuvuna karanga, muda mfupi kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao Tabora. Baba yake alikuwa Jilala, mpagazi aliyepanda hadi kuwa kiongozi wa msafara, mtu aliyekwenda Bagamoyo na kurudi kwa miguu mara nyingi kuliko baadhi yetu tulivyokwenda Igunga kwa basi, na mama yake alikuwa Kuluthumu, aliyeletwa Tabora kutoka Umanyema akiwa msichana, kwa njia ambayo hakupenda kuizungumza na ambayo hakuna aliyemlazimisha aizungumze. Jilala alipewa jina la mpagazi hodari, Kuluthumu hakupewa jina lolote, na wote wawili ndio waliomlea mtoto huyu waliyemwita Nyamizi.

Kwa vijana waliozaliwa huku kwenye laini, wanaodhani kwamba mji ni mistari ya nyumba na bomba moja, inafaa tueleze Mizigoni ilikuwa nini. Ilikuwa mahali ambapo misafara ilitua mizigo kabla ya kuingia sokoni, na walioanza kulala pale wakaoa pale, waliooa wakajenga, hadi ukawa mtaa wa tembe ndefu zenye paa za udongo, nyua za ndani, kisima kimoja kisichokauka, msikiti mdogo mwanzoni, na baadaye kanisa letu la udongo mwishoni, na katikati yake watu waliogawana pilau ya Idi na maandazi ya Krismasi bila kuulizana nani anastahili. Asali ya Sikonge iliingia kwa vibuyu, mchele wa Igunga kwa magunia, jioni wazee walikaa barazani wakibishana juu ya watu waliokufa zamani, wasichana walitwanga mtama kwa zamu, na siku za ngoma ya beni hata wale waliosema ngoma ni dhambi walisimama mlangoni kuangalia kama dhambi inachezwa sawasawa.

Na Mizigoni walikuwa na jambo lao moja, ambalo ndilo linalotufanya tuwe na haya yote ya kusema. Mpagazi alipofika alikuwa amebeba mali ya mtu mwingine, pembe au vitambaa au shanga, na kikipungua kitu alilipa kwa mgongo wake, kwa hiyo hakuweza kulala kwa amani katika nyumba ambayo mwenyewe ana ufunguo naye hana. Watu wa Mizigoni wakaliondoa tatizo hilo kwa namna yao: mgeni akifika, kabla hajaulizwa ametoka wapi, hupewa kiti, maji, na ufunguo wa nyumba. Tangu hapo yeye ndiye anayefunga na kufungua, mwenye nyumba hubisha hodi kwake mwenyewe, na siku ya kuondoka mgeni huurudisha kwa mikono miwili na mwenyeji huupokea bila kukagua kilichobaki ndani. Misafara ilikwisha, reli ikafika mwaka 1912, wageni wakawa vijana wanaokwenda kukata mkonge, walimu waliohamishwa, wagonjwa waliofuata hospitali, na mambo yakaendelea vilevile. Inasemekana hata polisi aliyekuja kumkamata mtu alipewa ufunguo kwanza, na kwamba aliurudisha.

Kuhusu elimu, marehemu alipelekwa Sikonge mwaka 1906 kwa ndugu za baba yake, akasoma misheni kwa miaka miwili, akajua kusoma, kuandika na kushona, na akabatizwa siku ya Pasaka, tarehe 31 Machi 1907, akaitwa Katarina. Mama yake, aliyekuwa Mwislamu na aliyekufa Mwislamu, alipoambiwa kwamba binti yake ana jina jipya alisema, "Sawa, lakini zamu ya kisima ni ya Nyamizi na Katarina wote wawili," na huo ndio uliokuwa ugomvi wote wa dini katika nyumba ile.

Tarehe 15 Januari 1910 alifunga ndoa huko Sikonge na Tobias, seremala, ambaye alihamia Mizigoni na akatengeneza milango ya mninga kwa karibu nusu ya mtaa, milango mizito yenye makufuli ya duka, ambayo watu walikuja kuitazama kutoka Kanyenye. Walijaliwa watoto watatu, Yoramu aliyezaliwa 1911, Marta aliyezaliwa 1913 na kufariki kwa surua mwaka uliofuata, na Eliya aliyezaliwa 1915 na kufariki katika homa kuu ya mwaka 1918. Mwezi wa Agosti 1916, Wadachi walipokuwa wakiikimbia Tabora, Tobias alikamatwa njiani akiwa na msumeno begani, akatwishwa sanduku la risasi, akapelekwa kusini, na hadi leo hakuna serikali iliyotuambia alitua wapi. Walimchukua Wadachi, wakaja Wabelgiji, wakaja Waingereza, kila mmoja alikuta mjane mlangoni na hakuna aliyejiona anahusika.

Tangu mwaka 1917 marehemu aliishi kwa kazi ya kupokea wageni, akiwapikia ugali wa mtama na kisamvu, akiwafulia, akiwauguza, na kwa kazi hiyo alimsomesha Yoramu hadi akaajiriwa kwenye reli, akawa mmoja wa vijana wachache wa Mizigoni waliokisikia Kiingereza kila siku na kukielewa. Wageni wake walimwita Mama, hata waliomzidi umri, na wengine waliporudi kutoka kwenye mkonge, wamekonda na wanakohoa, walishukia kwake kabla ya kwenda kwao, ili wapate rangi kidogo mama zao wasipige kelele wakiwaona.

Sasa tunafika mwaka 1947, na familia inaomba utulivu.

Siku ya Jumatatu, tarehe 11 Agosti 1947, asubuhi, gari la serikali lilivuka korongo likiwa na ofisa Mwingereza ambaye watu walimwita Bwana Viwanja, pamoja na karani wake mkalimani, kijana aliyekulia Kanyenye, ambaye bibi zake walikuwa wakiteka maji kisima kimoja na sisi. Mji ulikuwa umeamua kujenga nyumba za maofisa upande ule wenye kisima na upepo, naye Bwana Viwanja alitumwa kuwauliza watu kama wanakubali kuhama, kwa sababu sheria yao wenyewe ilitaka watu wakubali. Alitumwa kuuliza. Neno hilo tumelisikia kwa watu waliokuwa kazini bomani wakati ule, na tunaliweka mezani kama lilivyo.

Alisimama kwa marehemu. Marehemu hakujua amekuja kwa lipi, wala hakuuliza, maana mgeni haulizwi kabla hajapumzika, akamtolea kiti, akampa maji katika kata safi, akafungua pindo la kanga yake, akatoa ufunguo, akampa kwa mikono miwili akisema, "Karibu nyumbani kwako, bwana." Yule bwana akautazama ufunguo, akamtazama karani, akauliza jambo kwa lugha yao, karani akajibu kwa ufupi, na bwana akatabasamu, akamshika marehemu mkono. Watoto walikuwa wamekwisha kutawanyika wakipiga kelele, "Mgeni! Mgeni mkubwa kwa Mama Yoramu!" na kwa kuwa mgeni wa mtaa mzima anastahili heshima ya mtaa mzima, watu wakatoka nyumba baada ya nyumba, wanaume wakijifunga misuli vizuri, wanawake wakikung'uta unga mikononi, kila mmoja na ufunguo wake, wengine wakisukumana wasije wakaonekana wao ndio wanyimivu. Mifuko ya bwana ikajaa. Marehemu akaona aibu mgeni atoboke mfuko kwake, akaingia ndani, akatoka na kikapu chake cha milala, akampa.

Mgeni alishinda mtaani kutwa nzima, akapima, akala ndizi, jioni akapanda gari na kikapu akaondoka. Watu walilala milango ikiwa imerudishiwa tu, wakisema labda kesho atapita kurudisha. Walisema hivyo wiki nzima.

Tarehe 20 Septemba, siku ya Jumamosi, watu wa Mizigoni waliitwa kwenye baraza la wazi karibu na soko, na kikapu cha marehemu kilikuwa juu ya meza. Bwana Viwanja alizungumza, karani akaeleza kwamba serikali inawashukuru watu wa Mizigoni kwa kukubali wenyewe, bila kulazimishwa, kukabidhi nyumba zao, na kwamba watajengewa nyumba mpya upande wa mashariki, penye laini zilizonyooka. Kisha mama mmoja akauliza kwa sauti, "Tumekabidhi lini?" na karani akakiinua kikapu, funguo zikalia ndani yake, akasema, "Hizi ni za nani, mama? Ziliota miguu?"

Hapo marehemu alisimama. Alikuwa na miaka hamsini na saba, hakuwahi kusema mbele ya baraza, na alisema maneno haya, ambayo wengi wenu mliyasikia kwa masikio yenu: "Bwana, hizo ni funguo za mgeni. Mgeni akiondoka hurudisha. Wewe uliondoka na hukurudisha, sasa sisi tunaona haya kukudai, lakini tunakudai." Bwana Viwanja akamgeukia karani, na karani akamfasiria kwa Kiingereza. Yoramu alikuwa amesimama nyuma na sare yake ya reli, akasikia. Karani alisema, "Mama huyu anasema karibu tena." Bwana akainama kidogo, akamshukuru.

Yoramu alipiga kelele kwamba hayo siyo aliyoyasema mama yake, na askari wawili walimtoa barazani kwa kumshika kola, na hakuna mtu mwingine wa Mizigoni aliyepiga kelele siku ile. Familia haisemi ni woga. Familia inasema hakuna aliyepiga kelele.

Marehemu alikwenda bomani kila Jumatatu kufuata funguo. Aliketi kwenye benchi la nje na kitambaa chake cha kushona, karani mmoja akamwambia bwana yuko safari, mwingine akamwambia bwana ana homa, wa tatu akamwambia bwana amehamishiwa wilaya nyingine na huyu mpya hana habari za vikapu. Tarehe 8 Machi 1948 wakaja watu na minyororo, wakazivuta paa za tembe zikaanguka na vumbi la miaka mingi, kisima kikawekewa uzio, na milango ya Tobias, kwa kuwa ilikuwa mikubwa kuliko matundu ya nyumba mpya yaliyokatwa kwa milango ya bati, ilikwenda kuwa kuni za jikoni kwa watu ambao hatukuwajua. Aliyeondolewa nyumba alipewa chumba, aliyekuwa na ua alipewa namba, na juu ya yote ikatangazwa kwamba huku Laini Mpya ni marufuku kumlaza mgeni bila kibali cha mnyapara. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kulaza wageni kwa miaka thelathini na moja aliamka siku hiyo akiwa mhalifu kama angeitandika tu mikeka yake.

Na sasa, ndugu zetu wa Mizigoni, tuzungumze sisi kwa sisi.

Kwa kuwa kikapu kilikuwa chake, ofisi ilimwandika wa kwanza, na kwa kuwa aliandikwa wa kwanza alipewa nyumba ya kwanza, ile iliyo karibu na bomba. Jambo hilo likatosha. Ikasemwa alijua. Ikasemwa alipangwa. Ikasemwa alitangulia yeye ili wengine wafuate, kwamba ametuuza, na kwamba nyumba ya karibu na bomba ndiyo zawadi yake. Akaitwa Mama Kikapu. Wasichana aliowapokea walipozaliwa walimwambia bombani, "Mama Kikapu, leo umebeba za nani?" naye aliwajibu, "Nimebeba dagaa, wanangu, jioni mpite mle," na hawakupita. Akifika kwenye foleni ya maji, mazungumzo yalikwisha. Akiketi kanisani, benchi lilijaa kuanzia upande mwingine. Harusi alialikwa kwa kuwa ni lazima, misiba alikwenda bila kualikwa, akapika, akaosha masufuria, akaondoka, na nyuma yake watu wakahesabu vijiko.

Tuulizane basi, kwa kuwa leo hawezi kutuzuia. Kama kutoa ufunguo kulikuwa kuuza mtaa, nani hakuuza? Wewe uliyekimbia na unga mikononi, uliuza? Wewe uliyemsukuma jirani yako ili ufunguo wako uonekane, uliuza? Mzee wako aliyelazimisha mgeni aonje na asali yake ya Sikonge, aliuza? Mlitoa nyote, mlitoa kwa uungwana wa watu waliojua mgeni ni nani, na hapakuwa na kosa hata moja katika mtaa mzima asubuhi ile isipokuwa la aliyepokea na la aliyefasiri. Lakini aliyepokea alikuwa na gari na askari, na aliyefasiri alikuwa na kalamu, na Katarina alikuwa na dagaa tu mkononi. Mkamwacha aliyechukua, mkamshika aliyetoa, kwa sababu huyo mlimfikia.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi mwaka 1956, akapimwa, akaambiwa ni moyo, na tangu mwezi wa Juni mwaka huu hakuweza tena kutoka nje ya mlango wake wa bati. Siku ya Jumapili, tarehe 17 Agosti 1958, alikuja kumtazama Mzee Ghalibu bin Sulemani, mwenye duka kule Kanyenye, ambaye nyumba na ghala lake vilikuwa mwisho wa Mizigoni, upande wa korongo, na ambaye alikuwa hajakanyaga kwake tangu kuhama. Alikataa kiti, akakaa kwenye kizingiti na bakora yake, akiwa ameinamisha kichwa, na familia ilikuwepo.

Alisema, "Dada Katarina, lile gari lilisimama kwangu kwanza. Lilisimama nyuma ya ghala, kwenye kivuli. Nilimpa wa ghala na wa nyumba, akaweka mfuko wa shati. Wewe ulikuwa wa pili."

Marehemu alisema, "Najua, kaka. Nilikuwa nafagia, nilikuona."

Mzee Ghalibu akanyanyua kichwa. "Ulijua? Miaka yote hii wanakutukana, ulijua na hukusema?"

"Ningesema nini, kaka yangu? Kwamba Ghalibu alimkaribisha mgeni? Hilo nalo ni kosa la kwenda kumsemea mtu?"

Akalia yule mzee, akalia kwa sauti, akasema aliogopa, kwamba wateja wake wote walikuwa wa Mizigoni na kwamba kila mwaka alisema mwaka huu nitasema. Marehemu akamwambia, "Kunywa uji, unapoa," na walipomaliza uji wakazungumza juu ya watu waliokufa zamani, wakabishana juu ya mmoja wao kama alikuwa na kengeza au hakuwa nalo, na hawakukubaliana. Mzee Ghalibu yuko hapa, ameketi karibu na mlango, na ni yeye mwenyewe aliyetutaka haya tuyasome kwa jina lake. Familia inamheshimu kwa kutaka hivyo, na haimshukuru, kwa sababu miaka kumi na moja ni mingi mno kwa mtu mmoja kubebeshwa ili duka liendelee kufunguliwa.

Marehemu alizidiwa usiku wa tarehe 8 Oktoba, akapelekwa hospitali kwa machela, na akafariki siku ya Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 1958, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, Yoramu akiwa amemshika mkono. Ameacha mtoto mmoja, mkwe mmoja na wajukuu wanne. Tuliomba azikwe Mizigoni, ambako amezikwa Jilala, ambako amezikwa Kuluthumu, na Marta na Eliya, tukajibiwa kwamba makaburi yale sasa yamo ndani ya uwanja wa nyumba za maofisa na kwamba maziko yangewasumbua wakazi. Kwa hiyo tunamzika huku, penye udongo ambao ameukanyaga kwa miaka kumi tu, na neno wakazi tumelichukua tukaliweka vizuri, tutakuwa na kazi nalo siku zijazo.

Alituagiza tusimgombeze mtu kwenye msiba wake. Tumejitahidi.

Familia inatoa shukrani kwa daktari na wauguzi waliompokea usiku ule bila kuuliza ni nani, na hasa muuguzi aliyemfunika kwa shuka lake mwenyewe. Inamshukuru Mama Apolinaria, jirani wa nyumba ya pili, Mkatoliki kutoka mbali, aliyehamia hapa mwaka 1953, asiyeijua Mizigoni wala habari za kikapu, ambaye kwa miezi minne alimtekea maji bila kukosa, na alipoambiwa na majirani anamhudumia nani alijibu, "Namhudumia mwenye kiu, ninyi mnamhudumia nani?" Inawashukuru wafanyakazi wenzake Yoramu wa reli waliotengeneza jeneza hili kwa mbao za mninga, vijana waliochimba kaburi tangu alfajiri, na akina mama walio jikoni wakati huu moshi ukiwaumiza. Inamshukuru mtani wetu, Bi Tufaha, Mzaramo, ambaye leo asubuhi alilala mlangoni akakataa mwili usitoke, akapiga kelele mtaa mzima ukasikia, "Nyamizi wee, ukifika kwa Petro usije ukampa ufunguo wa kwako! Mnyang'anye wa kwake, ukimbie!" Tulicheka, jamani. Katika siku hizi tatu hakuna aliyetutendea wema mkubwa kuliko huo, maana ndiye mtu pekee kwenye laini hii aliyelisema jambo hili kwa sauti, akiwa anamtazama marehemu usoni.

Na tunawashukuru ninyi wa Mizigoni kwa kuja. Mmekuja wengi, mmekuja na mikeka na sukari, wengine mnalia, na hatuna sababu ya kudhani kwamba machozi hayo si ya kweli. Chakula kipo cha kutosha, kwa sababu Katarina angeona aibu kingepungua. Lakini kabla ya chakula kuna kaburi, na juu ya kaburi familia ina ombi moja, na ni ombi la mwisho tutakalowaomba kwa jina lake. Kila mtu wa Mizigoni atakayechukua udongo kuutupa, asiseme pole, wala asiseme tulikupenda. Aseme, kwa sauti ambayo jirani yake ataisikia, "Na mimi nilitoa wa kwangu." Ni maneno machache, hayamgharimu mtu nyumba, yangemtosha wakati wowote katika miaka kumi na moja, na leo yatamtosha yeye na watoto watakaokuwa wanasikiliza. Yoramu ataanza, ingawa alikuwa kazini siku ile, kwa sababu ufunguo uliotolewa ulikuwa wa nyumba yake pia. Atakayefuata ni Mzee Ghalibu. Baada yao hatumtaji mtu, tutasimama tu tuone.

Ambaye hawezi kuyasema, udongo auache pale ulipo, wachimbaji watamalizia.

Katarina Nyamizi binti Jilala, mama wa wasafiri, umepata mahali ambapo hakuna atakayekuuliza kibali. Pumzika. Amani ni yako. Sisi uliotuacha tutaitafuta hapa juu, na tusipopewa, tutaidai.